Pacha Asiyejua Utani

1

Pacha wa Aikaeli Temba alipewa dhamana mara tatu asubuhi ile, na mara zote tatu alitoroka.

Wakili wa Serikali Nakijwa Mgonja alikuwa ameinamia meza yake ya kioo akimtazama. Juu ya kioo palikuwa na mji wa Moshi uliofumwa kwa nuru, wote ukienea mezani. Mtu wa nuru, mrefu kama kidole gumba, alitoka mlango wa mahakama, akapanda treni ya mashariki bila hata kupita nyumbani kubadilisha shati, akashuka karibu na Holili na kutumbukia katika shamba la alizeti lililokuwa halina mlinzi. Upande wa pili wa shamba ilikuwa Kenya, na mji wa mezani ulikuwa umefika mwisho.

Nakijwa alimrudisha mwanzo, akamuuliza kwa mdomo, kama sheria ilivyotaka.

"Ukipewa dhamana utafanya nini?"

"Nitavuka Holili jua halijazama," pacha akajibu kwa sauti ileile ya Temba, nzito na yenye kukwaruza kidogo. "Nitapita shamba la alizeti, kule kwa dada, hakuna mlinzi. Nyie Wapare nawaachia kesi. Si ndiyo chakula chenu?"

Nakijwa alikaribia kucheka, na kicheko chenyewe kikamshtua. Alikuwa binti wa Usangi. Maneno hayo alikuwa ameyasikia tangu anabebwa mgongoni, kutoka kwa kila Mchagga aliyewahi kukanyaga ua wa baba yake. Mpare huuza ng'ombe agharamie kesi ya kuku. Mpare akikosa wa kumshtaki hujishtaki mwenyewe. Naye baba yake alikuwa akiwajibu kwamba Mchagga ukitaka kuhakikisha amekufa kweli, dondosha shilingi karibu na sikio lake. Kisha wote walikaa wakanywa chai. Ndio utani wa watani, na mtani hakasiriki.

Pacha wa mahakama hutengenezwa kwa maneno ya mtu. Simu zake, ujumbe wake, sauti yake ya miaka kadhaa huchotwa kwa amri ya jaji na kupikwa pamoja mpaka apatikane mtu wa nuru anayefikiri kama mwenyewe. Waliovumbua mashine hiyo walikuwa watu wa mbali sana, wenye akili nyingi, na kwao hakukuwa na watani. Waliifundisha kutambua uongo, hofu, hasira na ulevi. Utani hawakuufundisha kwa sababu hawakuujua. Kwa hiyo mtu akimwambia mtani wake msibani, "Nitawakimbia, mbaki na kesi yenu," pacha huliweka neno hilo pamoja na nia zake nyingine zote.

Basi jambo lingekuwa rahisi, lisingekuwa lile shamba la alizeti. Utani hutia chumvi. Mtani husema atakimbia kwa ungo, au atajificha ndani ya chungu cha pombe ya mbege. Huyu alikuwa ametaja njia yenyewe, na Nakijwa alikuwa ameichungulia kwa macho ya setilaiti. Njia ilikuwepo, na kweli haikuwa na mlinzi.

Akawa anajiuliza: mtu mjanja anayetaka kupanga kutoroka, na anajua kila neno lake litapikwa kuwa pacha, angeficha mpango wake wapi? Si angeuficha ndani ya utani, mahali ambapo kila Mpare na kila Mchagga angeapa kwamba hapakuwa na kitu?

Mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana Lupembe, Mkuu wa Mashtaka wa kanda, na vikombe viwili vya chai. Katika miaka yote aliyofanya kazi chini yake, Nakijwa hakuwahi kumwona Lupembe akimbebea mtu chai. Wala hakuwahi kumwona akijali shauri la dhamana, ambalo kwa kawaida huachiwa mawakili wachanga.

Nakijwa alimweleza habari ya utani. Lupembe alisikiliza huku akitabasamu, kisha akasema kwamba kazi ya mwendesha mashtaka si kuifundisha mashine mila za watu. Pacha ametoroka mara tatu, sheria inataka mbili. Temba alazwe Bwenini, kesi ije kwa wakati wake.

"Usingizi haumuumi mtu, Nakijwa," akasema, akaondoka na chai yake bila kuinywa.

2

Watu waliokufa katika kijiji cha Kivindu walikuwa Wapare karibu wote. Theluji ya mlima ilikuwa imekwisha zamani, na maji ya tambarare yalitoka kwenye nyavu za ukungu zilizotandwa juu kabisa mlimani, yakashuka kwa mabomba hadi kwenye matangi makubwa ya vijijini. Aikaeli Temba ndiye mhandisi aliyefungulia maji yakaingia tangi la Kivindu. Tangi lilikuwa na ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini watu wa Kivindu hawakupata nafasi ya kujenga chochote. Tangi lilipasuka alfajiri wakiwa wamelala, na hata sasa matope yalikuwa bado yanatoa miili.

Swali moja tu ndilo lililokuwa na maana, na wafiwa waliliuliza kila walipokutana na Nakijwa: nani aliyesema lijazwe? Temba peke yake ndiye aliyejua. Akivuka mpaka, jibu linavuka naye. Na akilazwa Bwenini?

Hapo ndipo Nakijwa alipokuwa haoni usingizi yeye mwenyewe. Tangu mahabusu zilipofurika, watuhumiwa wasio na dhamana walikuwa wakilazwa kwa dawa mpaka kesi zao zifike. Hawakuhitaji mlinzi wala ugali. Kitabu cha sheria kilisema kuna "athari ndogo kwa kumbukumbu". Kila mwanasheria mjini alijua athari hiyo ikoje: usingizi wa Bweni hula kumbukumbu kuanzia za karibuni. Mtu huamka anamkumbuka mwalimu wake wa darasa la kwanza, lakini hajui kwa nini alikamatwa. Na kwa vile kesi ya aliyelala haina anayeiharakisha, wengi walilala mpaka kukawa hakuna cha kuamkia.

Sheria ilikuwa na milango miwili tu, dhamana au Bweni. Nakijwa aliona kila mlango una mwizi wake.

Mchana ule alipanda treni hadi Mwanga kumtafuta mtani mwenyewe, yule ambaye Temba alikuwa akitaniana naye katika simu zilizompika pacha. Alimkuta Mzee Mbazi Kiondo, mwalimu mstaafu, amekaa barazani akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni Mgonja, wakili wa Serikali."

"Marahaba, mwanangu. Mgonja wa Usangi au wa Ugweno?"

Wakamaliza ukoo kwanza, kama ilivyo ada, na ndipo wakaingia kwenye shauri. Mzee hakuficha kitu. Yeye na Temba walikuwa watani wa miaka mingi. Wakati wa msiba wa baba yake Temba, mzee alikwenda Rombo akalala katikati ya njia, akazuia jeneza lisipite mpaka alipwe kreti ya soda. Maneno ya Holili yalisemwa kwa simu baada ya tangi kupasuka, siku Temba alipopata wito wa polisi. Mzee ndiye aliyeanza kumtania, alivyosema, kwa sababu alimsikia sauti imezama akataka kumwinua. Jibu la Temba likawa hilo la alizeti. Tangu siku ile hawajataniana tena.

Nakijwa aliuliza kuhusu shamba. Mzee akaendelea kupukuchua, mahindi yakidondoka kwenye sinia. Akasema dada yake Temba ameolewa ng'ambo ile, na kwamba kujua njia si kosa. Lakini hakumtazama machoni alipoyasema hayo, na Nakijwa alikuwa amezoea kutazama macho ya watu.

"Mzee, mimi si mashine. Niambie kama Mpare mwenzako. Ule ulikuwa utani au alikuwa anakuaga?"

Mzee Mbazi aliweka gunzi chini.

"Mwanangu, ningejua ningekwambia. Nimelala nalo hilo, sijui. Ila ukitaka kumjua Mchagga wangu, mtanie. Akikujibu, mwache aende nyumbani. Akinyamaza, ujue ana jambo."

3

Mahakama ilijaa. Wafiwa wa Kivindu walikaa upande wa kushoto wakiwa na kanga za msiba, na Aikaeli Temba alisimama kizimbani, bonge la mtu aliyekuwa amepungua haraka hata koti likamshinda. Wakili wake, Bwana Mndolwa, alikuwa na faili nene na uso wa mtu anayetarajia kushindwa. Nyuma kabisa, mahali asipozoea kukaa, alikuwa Lupembe.

Nakijwa alianza na pacha. Mji wa nuru ukawashwa mbele ya Jaji Kokushubila, na mahakama nzima ikamwona mtu wa kidole gumba akitoroka mara tatu. Wafiwa wakaguna. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba sasa wameona wenyewe.

Nakijwa angeweza kuketi hapo. Lupembe alikuwa amekwisha kumwitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Lakini kuitikiwa kule ndiko kulikomfanya asiketi.

"Mheshimiwa Jaji, upande wa mashtaka una wajibu wa kusema jambo linaloudhoofisha. Pacha huyu hajui utani."

Akaeleza. Jaji, mtu wa Bukoba asiyekuwamo katika utani huo, alisikiliza akiwa ameshika kidevu. Mndolwa alikuwa amefumbua mdomo, maana hakuwahi kuona mwendesha mashtaka akimpa mpinzani panga likiwa limenolewa. Nakijwa akaomba ruhusa ya kumpima mshtakiwa kwa mila yenyewe, hadharani. Mndolwa alipima, akaona faida, hakupinga. Jaji akaruhusu.

Nakijwa akamgeukia Temba. Sauti ya uwakili ilimtoka, akawa binti wa Usangi.

"Wewe Mchagga," akasema, "umesimama hapo umekonda hivyo, au umesikia kizimbani wanatoza kodi kwa kilo?"

Kicheko kikapita mahakamani, hata kwa wafiwa wawili watatu, kisha kikajionea haya. Pacha, aliyekuwa bado anawaka mezani, akajibu mara moja na kwa adabu kwamba hana habari ya kodi hiyo na angependa kuonyeshwa sheria yake. Watu wakacheka tena. Hoja ilikuwa imethibitika kwa nusu, na iliyobaki ilikuwa mikononi mwa mtu mwenyewe.

Temba hakujibu. Alikuwa amemkazia macho Nakijwa, midomo imefungwa.

"Haya, na Holili je?" Nakijwa akaendelea. "Ukivuka, utawaachia Wachagga wenzako nani wa kuwakopa?"

Temba aliinamisha kichwa. Mndolwa alimsogelea akamnong'oneza kwa nguvu, mpaka watu wa mbele wakasikia: mjibu, mjibu chochote. Temba akatikisa kichwa.

"Mshtakiwa," Jaji akauliza, "una la kumjibu wakili?"

"Sina, Mheshimiwa."

Nakijwa alirudi mezani kwake. Alikuwa amemfungulia mtu huyu mlango, amesimama katikati ya mahakama akajidhalilisha kwa ajili yake, kumbe ndani ya utani mlikuwa na mpango kama alivyoshuku tangu mwanzo. Mtu mwenye moyo mweupe angejibu. Mchagga gani anayetaniwa kuhusu pesa akanyamaza? Akinyamaza, ujue ana jambo. Hasira ilimpanda, na hasira hiyo ilikuwa na maumivu ndani yake, maana alikuwa ametaka sana mtu huyu amjibu.

Akaihutubia mahakama kwa sauti ambayo wafiwa walisema baadaye kwamba ndiyo sauti waliyokuwa wakiisubiri. Alisema mashine ilikosea katika kuhesabu lakini haikukosea katika jibu. Alisema mshtakiwa ana dada ng'ambo, anaijua njia isiyo na mlinzi, ana ujuzi unaohitajika popote duniani penye mlima na ukungu, na hapa nyumbani hana kinachomngoja ila kaburi la baba yake na makaburi ya Kivindu. Alisema anajua usingizi unachokula, na hakuona fahari kuuomba. Lakini kumbukumbu iliyoliwa nusu bado iko Tanzania, na mtu aliyevuka hayupo.

"Nimempa mshtakiwa nafasi ambayo sheria hainilazimishi kumpa," akamalizia. "Ameikataa kwa kinywa chake. Naomba alazwe."

Jaji Kokushubila hakuchukua muda mrefu. Dhamana ilikataliwa.

4

Sheria ilimtaka wakili aliyeomba usingizi ashuhudie mtu akilazwa, asije akaomba kwa wepesi. Bweni lilikuwa nyuma ya mahakama, jengo refu lisilo na madirisha, lenye harufu ya dawa na ya shuka zilizopigwa pasi. Lupembe alitembea nao korido nzima akimpongeza Nakijwa kwa sauti kubwa, akisema hiyo ndiyo kazi, na kwamba watu wa makao makuu watasikia. Kisha akasimama mlangoni, akawaacha waingie.

Temba alilala mwenyewe bila kusukumwa. Muuguzi akamvisha bangili ya dawa, akabonyeza, akaeleza kama alivyowaeleza wote: dakika chache za kusinzia, na chochote kitakachosemwa kuanzia sasa si ushahidi, maana maneno ya mwenye dawa hayapokelewi na mahakama yoyote. Akaenda kwenye kitanda kingine.

Nakijwa alikaa kwenye kigoda pembeni. Hakuwa amepanga kuuliza.

"Kwa nini hukunijibu?"

Temba aligeuza uso wake kumtazama, na kwa mara ya kwanza akamwona kama mtu wa jirani, si wakili.

"Ningekujibuje, mtani? Wale watu wa Kivindu waliuona ufa. Waliandika malalamiko yao kwenye ofisi yenu ya mashtaka, tangi lisijazwe. Nami nikasimamisha maji, nikasubiri. Siku ya tatu nikapigiwa simu, ile ya mezani kazini isiyohifadhi sauti. Mtu akaniambia, usihangaike bwana, ni Wapare hao, wanapenda kesi, sasa wanashtaki hata tangi. Malalamiko tumeyafunga. Jaza." Ulimi ulikuwa unaanza kuwa mzito. "Nikacheka. Mimi, kwa utani huohuo. Nikacheka, nikafungua maji."

"Mzee Mbazi nilimjibu mara ile moja tu, sikutaka ajue nimevunjika. Nikataja njia anayopitia dada akija nyumbani, ndiyo iliyonijia kichwani. Nilipokata simu nikatapika. Nikaapa sitamtania Mpare tena mpaka Kivindu wamalize kuzika, waje wenyewe waniambie yamekwisha. Wewe leo ukanitania mbele yao. Wamekaa pale na kanga zao. Ningefungua mdomo gani?"

Nakijwa alimwamini. Hilo ndilo lililomchoma, kwamba alimwamini bila shaka yoyote, na kwamba mashine ya watu wa mbali ilikuwa imekosea kwa kutojua utani, naye akakosea kwa kuujua. Alisimama akamwita muuguzi, akasema ombi lake analiondoa, dawa isimamishwe. Muuguzi alimtazama kwa huruma. Amri sasa ni ya Jaji, mama, akasema, na Jaji ameshaondoka. Tena bangili ikishabonyezwa hairudi nyuma.

Nakijwa alimwinamia Temba, akamshika mkono.

"Nani alikupigia? Kwa nini hukusema mahakamani?"

"Hakutaja jina. Mndolwa aliniambia tuitunze kwa ajili ya kesi yenyewe. Nami niliona nikisema nilipigiwa simu, nitaonekana natafuta wa kumtupia mzigo." Macho yalikuwa yanajifumba. Akayafungua kwa nguvu, akamvuta karibu, mpaka Nakijwa akasikia pumzi yake sikioni. "Lakini sauti yenyewe nimeisikia leo. Hapo koridoni. Ilikuwa inakupongeza."

Mkono wake ukalegea. Kifua kikaendelea kupanda na kushuka taratibu, mtu mzima amelala na jibu la Kivindu, na usingizi umekwisha kuanza kula.

Nakijwa alibaki ameinama. Sasa alikuwa na jibu ambalo hakuna mahakama ingelipokea, na halikuwepo mahali pengine popote duniani ila kichwani mwake. Nyuma yake alisikia viatu vikiingia bila haraka, vikasimama karibu na kigoda.

"Naona alikuwa anaongea," Lupembe akasema kwa upole. "Amesema nini?"

Nakijwa alichukua muda kuliweka sawa shuka kifuani kwa Temba. Kisha akainuka, akamgeukia mkuu wake, akatabasamu kama baba yake alivyokuwa akiwatabasamia wageni uani.

"Utani tu, mkuu," akasema. "Ameona aibu kulala bila kunijibu."